Kapteni Swales na Ubao wa Majina

(Hotuba iliyotolewa mbele ya wanafunzi wa zamani, walimu na wanafunzi katika mkutano wetu wa mwaka.)



Kamati iliniomba mambo mawili. Kwanza, niwape vijana wa chama cha historia mazungumzo juu ya Vita Kuu vya Pili vya Dunia. Pili, nitoe mawazo yangu juu ya ubao ambao chama chetu kinakusudia kuuweka ukutani katika ukumbi huu, wenye majina ya wanafunzi wa shule hii waliofia vitani au katika ulinzi wa amani. Mtumishi wa serikali akipewa kazi mbili na muda wa kazi moja, huziunganisha. Nami nitaziunganisha. Nitawaeleza habari za mtu mmoja tu, rubani wa ndege ya mabomu aliyekufa usiku wa tarehe 23 Februari 1945. Kisha nitasema habari zake zinatufundisha nini juu ya ubao wetu.

Mtu huyo aliitwa Edwin Swales. Alikuwa Mzungu wa Afrika Kusini. Najua yuko atakayeuliza: mbona unatuletea huyo, na sisi tunao watu wetu? Swali hilo ni la haki. Nimemchagua kwa sababu tatu. Alipita katika nchi hizi za Afrika Mashariki akiwa askari. Jinsi alivyokufa ni jambo ambalo kijana yeyote anastahili kusimuliwa. Na baada ya miaka mingi jina lake lilikuja kukutana na jina ambalo watu wa Morogoro wanalijua vizuri sana. Naomba subira, tutafika huko.

KIJANA WA DURBAN

Swales alizaliwa tarehe 3 Julai 1915 huko Inanda, Natal. Baba yake alikuwa mkulima. Ile homa kali ya mafua iliyoua mamilioni ya watu duniani mwishoni mwa Vita Kuu vya Kwanza ilimchukua baba huyo, naye mama, Olive, akahamia mjini Durban na watoto wake wanne. Edwin akasoma Durban High School, kisha akaajiriwa benki. Rafiki zake walimwita Ted. Kwa kifupi, alikuwa mtoto wa mjane aliyepelekwa shule, akafaulu, akapata kazi ya ofisini. Humu ukumbini wamo wengi wenye historia kama hiyo, tukiliacha kando suala la rangi.

Lakini rangi haiwezi kuachwa kando. Shule aliyosoma Swales ilikuwa ya watoto wa Kizungu tu. Vita vilipokuja, Mwafrika wa Afrika Kusini aliyejiandikisha jeshini alitiwa katika kikosi cha peke yake, akafanywa dereva, mchukuzi au mlinzi wa ghala. Bunduki hakupewa. Wako waliolinda maghala ya serikali wakiwa na mkuki na rungu, katika vita vya mizinga na vifaru. Nalisema hili mapema, ili isije ikadhaniwa kwamba nimelisahau wakati nitakapokuwa namsifu mtu huyu. Maana nitamsifu.

Swales alijiunga na kikosi kiitwacho Natal Mounted Rifles, akaletwa Kenya, kisha Uhabeshi. Italia ilikuwa imeingia vitani mwezi Juni 1940, na majeshi yake yalikuwa mpakani mwa Kenya. Katika mapambano hayo askari wa Afrika Kusini walikuwa upande mmoja na askari wa King's African Rifles, yaani babu zetu wa Tanganyika, Kenya, Uganda na Nyasaland, na pia askari kutoka Nigeria na Gold Coast. Mwezi Aprili 1941 Addis Ababa ilichukuliwa, na tarehe 5 Mei Mfalme Haile Selassie akarudi mjini kwake.

Vijana wa historia, hapo pana jambo la kushika. Miaka mitano kabla ya hapo, mwaka 1935 na 1936, ndege za Italia ziliwamwagia Wahabeshi gesi ya sumu kutoka angani, askari na raia pamoja. Tarehe 30 Juni 1936 Haile Selassie alisimama mbele ya Shirikisho la Mataifa mjini Geneva, akaeleza mambo hayo. Wakubwa wa dunia walimsikiliza, na hawakumsaidia. Kwa hiyo mtu akisema kwamba kuwaua raia kwa ndege kulianza London au Berlin, mwambieni akasome upya. Waafrika walikuwa wamekwisha kuonjeshwa.

Kutoka Uhabeshi Swales alikwenda kupigana Afrika ya Kaskazini. Mwezi Januari 1942 akahamia Jeshi la Anga la Afrika Kusini, na mwezi Juni 1943 akahitimu urubani. Halafu akaazimwa kwa Jeshi la Anga la Uingereza. Huko aliendelea kuvaa sare yake ya kaki, katikati ya watu waliovaa buluu.

KAZI YA NDEGE ZA MABOMU

Ndege waliyorusha iliitwa Lancaster. Ilikuwa na injini nne, na kwa kawaida watu saba: rubani, fundi wa injini, mwongoza njia, mlenga mabomu, mtu wa redio, na wapiga bunduki wawili. Mmoja wa wapiga bunduki hao alikaa mkiani peke yake, usiku kucha, katika baridi kali, akimngojea adui atokee nyuma. Walisafiri gizani, saa sita, saa saba, saa nane. Zamu ya kawaida ya mwanahewa ilikuwa safari thelathini, ndipo apumzishwe.

Nawapa hesabu, kwa sababu hesabu haina maneno mengi. Wanahewa wapatao 125,000 walitumikia katika Kamandi ya Ndege za Mabomu ya Uingereza. Waliokufa ni 55,573. Wote walikuwa wamejitolea, na wengi wao walikuwa vijana wa miaka ishirini na kitu. Chukueni darasa la watu arobaini. Waiteni majina asubuhi. Kwa kiwango kile, kumi na saba au kumi na wanane hawatarudi.

Mwanzoni kazi yenyewe haikufanyika vizuri. Uchunguzi wa mwaka 1941 ulionyesha kwamba katika kila ndege tatu zilizodai kufikia shabaha, ni moja tu iliyoangusha mabomu yake ndani ya maili tano za shabaha hiyo. Ndiyo sababu mwaka 1942 kiliundwa kikosi cha watangulizi. Hawa walikwenda mbele, wakatafuta mahali penyewe, wakaangusha mioto ya rangi, na wenzao waliofuata wakailenga mioto hiyo. Mwezi Julai 1944 Swales alipangiwa kikosi namba 582 cha watangulizi hao, katika kiwanja cha Little Staughton, kaskazini ya London.

Tarehe 23 Desemba 1944 alikuwa katika shambulio la mchana juu ya kituo cha reli cha Gremberg, mjini Cologne. Kiongozi wa shambulio lile, Robert Palmer, aliuawa, akapewa nishani ya Victoria Cross baada ya kifo chake. Swales alishambuliwa na ndege za Wajerumani mara kadhaa, akarudi salama, naye akapewa nishani. Miezi miwili baadaye zamu ya kuongoza ilimfikia yeye.

USIKU WA TAREHE 23 FEBRUARI

Pforzheim ni mji wa kusini magharibi ya Ujerumani, ukingoni mwa Msitu Mweusi. Kwa miaka mingi ulikuwa maarufu kwa masonara na mafundi saa. Mwanzoni mwa vita ulikuwa na watu wapatao 79,000. Vita vilipoendelea, karakana zake nyingi ndogo ziligeuzwa, zikatengeneza vifaa vidogo vidogo vya silaha, na reli ilipita hapo. Hizo ndizo sababu zilizoandikwa.

Ndege zaidi ya 360 za Lancaster zilipelekwa. Swales alikuwa kiongozi wa shambulio. Maana yake ni kwamba baada ya kufika hakupaswa kuangusha mabomu na kuondoka. Alipaswa kubaki juu ya mji, akizunguka, akiwaambia wenzake kwa redio: lengeni mioto ile, hii iacheni, sogezeni kidogo.

Mara baada ya kufika alivamiwa na ndege ya adui. Injini moja ikaharibiwa, na bunduki za nyuma zikakataa kufanya kazi. Kwa ndege kubwa iendayo polepole hiyo ni sawa na mtu kufungwa mikono katikati ya ugomvi. Swales hakuondoka. Aliendelea kutoa maelekezo kwa sauti tulivu. Adui akarudi, akapiga tena, na injini ya pili ikafa. Bado hakuondoka, mpaka aliporidhika kwamba kazi aliyotumwa imekwisha.

Hapo ndipo alipogeuza ndege kurudi. Mwendo ulikuwa umepungua sana, na vipimo vya kumwezesha rubani kuruka gizani bila kuona nje vilikuwa vimekufa. Kwa muda wa saa moja aliishikilia hewani. Halafu wakaingia katika mawingu mazito na upepo wenye misukosuko, na ndege ikawa inashuka bila kukubali usukani. Walikuwa wamekwisha kuvuka na kufika upande wa majeshi yao, kaskazini ya Ufaransa, karibu na Valenciennes. Swales akawaamuru wenzake waruke kwa miavuli.

Ndege iliyoharibika namna ile haikai sawa yenyewe hata kidogo. Lazima mtu aishike, na mtu anayeishika hawezi kuruka. Swales aliishika. Wenzake wakaenda mlangoni mmoja baada ya mwingine, wakaruka, wakapona wote. Wa mwisho alipotoka tu, ndege ilianguka chini. Walimkuta kapteni amekufa mahali pake, kwenye usukani. Alikuwa na umri wa miaka 29. Vita vya Ulaya vilikwisha siku 74 baadaye.

Alipewa nishani ya Victoria Cross baada ya kifo chake, mwanahewa pekee wa Jeshi la Anga la Afrika Kusini kuipata katika vita vile. Kaburi lake liko Leopoldsburg, Ubelgiji.

UPANDE WA CHINI

Ndugu zangu, ningeweza kukomea hapo, nanyi mngepiga makofi. Hotuba nyingi za namna hii hukomea hapo. Lakini kule ofisini tunajua jalada lililochomolewa kurasa lilivyo. Ukilisoma, kila kitu kinaonekana sawa, barua zinafuatana, saini zipo. Kilichochomolewa hukioni mpaka mtu aliyeumizwa na uamuzi ule aje mwenyewe dirishani.

Ukurasa uliochomolewa ni huu. Shambulio la Pforzheim lilianza saa mbili kasoro dakika kumi usiku, likaisha saa mbili na dakika kumi na mbili. Ni dakika ishirini na mbili tu. Katika dakika hizo waliuawa watu zaidi ya 17,000. Ni zaidi ya mtu mmoja katika kila watano waliokuwa wakiishi mjini hapo kabla ya vita. Zaidi ya asilimia themanini ya majengo ya mji yaliteketea. Mabomu mengi yalikuwa ya moto, na moto ulipokutana na moto uliivuta hewa yote. Waliojificha katika vyumba vya chini walikufa kwa kukosa pumzi. Walikuwamo mafundi wa zile karakana za vita, ndiyo. Walikuwamo pia wazee, wanawake na watoto wa shule wa umri wenu.

Wajerumani nao walikuwa wamezichoma Rotterdam na Coventry mwaka 1940, na raia zaidi ya 60,000 wa Uingereza waliuawa na mabomu katika vita vile. Serikali ya Hitler ilikuwa ikiwaua watu kwa mamilioni kwa sababu ya kabila lao, na ilipaswa kushindwa. Hayo yote ni kweli. Lakini kweli hiyo haimfufui mtoto wa Pforzheim, wala haifanyi kifo chake kuwa kitu kidogo.

Basi tufanyeje na Kapteni Swales? Sauti ile tulivu iliyokaa juu ya mji kwa ushujaa ndiyo iliyouelekeza moto ule. Na mikono iliyoshika usukani ili wenzake wapone ni ya mtu huyo huyo, usiku huo huo. Hatuwezi kuchukua saa ya pili tukaitupa ya kwanza. Wala, naongeza, hatuwezi kuchukua ya kwanza tukaitupa ya pili, kama wafanyavyo wale wanaodhani kwamba mtu akishiriki katika jambo la kutisha basi hakuna jema lolote alilolifanya. Kutoa uhai wako ili wenzako waishi ni jambo kubwa, na linabaki kubwa popote linapotendeka.

JINA LA BARABARA

Mjini Durban palikuwa na barabara kubwa yenye jina la Edwin Swales. Mwaka 2008 halmashauri ya jiji ilibadili majina ya barabara nyingi, na barabara hiyo ikaitwa Solomon Mahlangu.

Sasa tumefika Morogoro. Wenzangu waliosoma Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine wanaijua Kampasi ya Solomon Mahlangu, pale Mazimbu. Zamani palikuwa shamba la mkonge. Mwaka 1977 serikali yetu ilikipa chama cha ANC ardhi ile, wakajenga shule ya watoto wa Afrika Kusini waliokimbia ubaguzi, na mwaka 1979 wakaipa jina la kijana huyo. Mwaka 1992 walipokuwa wanarudi kwao walitukabidhi majengo.

Mahlangu alizaliwa mwaka 1956. Alikimbia nchi yake baada ya maandamano ya wanafunzi wa Soweto ya mwaka 1976, akafunzwa vita, akarudi mwezi Juni 1977. Yeye na wenzake walipogunduliwa mjini Johannesburg yalitokea mapambano, na raia wawili wakauawa kwa risasi. Si yeye aliyefyatua risasi hizo, lakini mahakama ya makaburu ilimhukumu kifo. Alinyongwa tarehe 6 Aprili 1979, akiwa na umri wa miaka 22.

Kubadilishwa kwa jina kule Durban kulileta maneno makali. Wako waliosema shujaa ametukanwa. Wako waliosema kwamba kwa miaka mingi barabara za mji zilikuwa na majina ya watu wa rangi moja tu, kana kwamba wengine hawakufa. Mimi nawaelewa wa pili, na naona walikuwa na haki. Lakini naona pia kwamba kibao cha barabara hakina nafasi ya kueleza. Kina jina tu. Ukiling'oa moja na kuweka jingine, umebadilisha heshima imwendee nani, lakini bado hujamfundisha mpita njia kitu chochote. Mtoto wa Durban anaweza kupita hapo kila siku asijue habari za Swales wala za Mahlangu.

UBAO WETU

Nawapa mfano mmoja wa watu waliofanya vizuri zaidi. Karibu kabisa na Pforzheim kuna kijiji kiitwacho Huchenfeld. Mwezi Machi 1945, wiki chache baada ya moto ule, wanahewa wa Kiingereza walioruka kwa miavuli walikamatwa hapo. Vijana wa chama cha Hitler, wakiongozwa na wakubwa wao, waliwaua watano kwa risasi ilhali walikuwa mateka. Kwa miaka mingi jambo hilo halikuzungumzwa. Mwaka 1992 watu wa kijiji chenyewe waliweka kibao kwenye ukuta wa kanisa lao, wakaandika majina ya wale watano. Hawakuyaficha makosa ya watu wao. Wala hawakusema, "Na nyinyi je, mlitufanyia nini Pforzheim?" ingawa wangeweza kusema. Waliandika lililotokea, na tangu hapo Waingereza na Wajerumani wamekuwa wakitembeleana.

Basi, Ndugu Mwenyekiti, mapendekezo yangu ni matatu, nami nayatoa kwa heshima.

La kwanza, ubao tuuweke. Mtu aliyekaa katika madawati haya, akaenda, asirudi, anastahili jina lake lisomwe na wanaokaa hapa baada yake. Wako waliokufa katika Vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979. Wako waliokufa katika nchi za jirani wakilinda amani.

La pili, chini ya ubao iwekwe meza, na juu ya meza kitabu. Kila jina liwe na ukurasa wake: alizaliwa wapi, alisoma hapa miaka gani, alitumwa kufanya nini, nini kilimpata, na nini kiliwapata watu wa mahali alipotumwa. Kama ukurasa una jambo lisilopendeza, liandikwe. Wazazi na ndugu waulizwe kwanza, kwa adabu, kwa maana msiba ni wao kabla ya kuwa wetu.

La tatu, kazi ya kuandika wapewe ninyi vijana wa chama cha historia. Msiandike kwa kuwaza. Nendeni kwa wazee waliokuwako, andikeni wanayosema, na mahali ambapo wazee wawili hawakubaliani, andikeni maneno ya wote wawili. Wengine wamekwisha kuwa na miaka sabini na zaidi. Likizo ya Desemba isipite bure.

Najua kitabu namna hiyo kitawasumbua baadhi yetu. Mzee mmoja wa kamati ameniambia kwamba ubao ni wa kuheshimu, si wa kuhukumu. Nakubaliana naye. Lakini Swales aliyebaki kwenye usukani hapungukiwi kitu kwa sisi kuijua Pforzheim. Kinyume chake, sasa tunajua alikuwa mtu, mwenye mikono iliyofanya mambo mawili. Na kijana wa kidato cha pili atakayesoma ukurasa wote anaweza kujiuliza, kabla hajatumwa popote, swali ambalo ni vizuri aanze kujiuliza mapema: mimi nikipewa kazi ile, ningefanya nini?

Ndugu Mwenyekiti, pendekezo liko mbele ya mkutano.